Chuo Kikuu Chenye Duka

Hapana mwenye akili timamu asemaye kwamba chuo kikuu kikae na njaa. Maabara hutaka dawa, vyombo na umeme. Mwanafunzi hutaka vitabu. Na mwalimu hutaka mshahara wake ufike kabla mwezi mwingine haujaandama. Kwa hiyo wale wanaovihubiria vyuo vya Afrika Mashariki vifungue milango ya biashara wamepata wasikilizaji wengi, na maneno yao ni matamu masikioni. Uvumbuzi ulalao kabatini, husema, ni maiti; uuzwao ndio ulio hai. Huonyesha kidole Marekani na Uingereza, ambako mwalimu hutoka darasani akaingia katika kampuni yake mwenyewe, na chuo kikagawana naye faida. Siku hizi heshima ya chuo imeanza kupimwa kwa idadi ya kampuni zilizozaliwa tumboni mwake, kama heshima ya mfugaji ipimwavyo kwa wingi wa ng'ombe.

Mafundisho hayo yana ukweli ndani yake, wala ukweli huo hauna haja ya kufichwa. Dawa haitengenezwi na makala katika jarida. Hutengenezwa kiwandani, na kiwanda hutaka mtaji. Kosa la wahubiri hawa haliko hapo. Kosa lao ni kulipita mbio jambo moja ambalo ndilo lenye kuamua mengine yote, nalo ni yale yaandikwayo siku chuo kitiapo sahihi.

Kampuni ya namna hii huzaliwa hivi. Mtafiti aliyelipwa mshahara na umma, akatumia vyombo vilivyonunuliwa na umma, hugundua jambo. Chuo huomba hataza, yaani hati ya serikali impayo mwenyewe haki ya kuwazuia watu wengine wasitengeneze wala wasiuze kitu kile kwa muda wa miaka 20. Kisha kampuni huandikishwa. Mtafiti hupewa hisa, chuo hupewa hisa, na matajiri waletao mtaji mara nyingi huishia na fungu lililo kubwa kuliko yote. Mwisho chuo huipa kampuni leseni ya kuutumia uvumbuzi, kwa malipo ya mrabaha. Katika leseni hiyo limo neno dogo lenye uzito kuliko kurasa zote zilizobaki: leseni ni ya pekee, au si ya pekee? Ikiwa ni ya pekee, na hakuna sharti lililowekwa kando, chuo kimejifunga mikono yake mwenyewe. Hata kikija kuona kwamba watu wanakufa kwa kukosa kitu kilichovumbuliwa chini ya paa lake, hakina ruhusa ya kuwapa.

Mtindo huu haukuwa desturi ya vyuo tangu kale. Mwezi wa Januari 1923 Frederick Banting, Charles Best na James Collip, miongoni mwa waliofaulu kutoa insulini ya kutibia kisukari, waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mtu. Hawakuikataa hataza. Waliitaka, ili mtu mwingine asije akaichukua na kuwafungia wagonjwa mlango. Jambo hili husahauliwa na pande zote mbili za ubishi: hataza yaweza kuwa ngao sawasawa na iwezavyo kuwa upanga. Walakini hisani ya watu watatu si mkataba, na bei ya insulini huko huko Amerika ya Kaskazini, miongo mingi baadaye, imeonyesha jinsi nia njema isiyoandikwa inavyozikwa pamoja na wenyewe.

Mlango wa biashara ulifunguliwa wazi mwaka wa 1980, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria iitwayo Bayh-Dole kwa majina ya maseneta wawili walioileta. Kabla ya hapo uvumbuzi uliotokana na fedha za serikali aghalabu ulikuwa mali ya serikali, na mwingi wake ulilala bila kutumiwa. Sheria ikavipa vyuo haki ya kuumiliki na kuutoza mrabaha. Watunga sheria hawakuwa wajinga: waliiachia serikali haki ya kuingilia kati na kumpa leseni mtu mwingine endapo uvumbuzi hautumiki ipasavyo kwa manufaa ya watu. Lakini katika miaka 40 ya mwanzo haki hiyo haikutumiwa hata mara moja, ijapokuwa iliombwa mara kadhaa kwa ajili ya dawa zenye bei ya kutisha. Mlinzi aliyelala miaka 40 hamtishi mtu.

Na faida yenyewe je? Wahubiri hupenda kukitaja Chuo Kikuu cha Stanford. Huko wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walibuni njia ya kupanga kurasa za intaneti; chuo kikapata hisa za Google kwa ajili ya leseni, na kilipoziuza kikavuna dola milioni 336. Habari ni ya kweli. Hata bahati nasibu huwa na mshindi wa kweli, naye hupigwa picha, walioshindwa hawapigwi. Uchunguzi uliotolewa na taasisi ya Brookings mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa vyuo vya Marekani vilivyo vingi sana, zaidi ya vinane katika kila kumi, mapato yao ya leseni hayakutosha hata kulipia gharama za ofisi zilizowekwa kuziuza. Chuo kikubwa cha nchi tajiri chaweza kuibeba hasara hiyo kama tajiri abebavyo gharama ya farasi wa mashindano. Chuo cha Kampala, Nairobi au Dar es Salaam kitawalipa kwa fedha gani wanasheria wa hataza, ambao ada zao katika miji ya Ulaya na Marekani hazitazami mteja ametoka wapi?

Hata hivyo hasara ya fedha ni jambo jepesi. Lililo zito ni lile lililowapata wanawake wa Marekani kwa mkono wa kampuni iitwayo Myriad Genetics.

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1991, na miongoni mwa waanzilishi wake walikuwamo watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah. Mwaka wa 1994 kundi lao lilitangaza kuwa limeitambua jeni iitwayo BRCA1. Mwanamke aliyeirithi jeni hiyo ikiwa na kasoro yumo katika hatari kubwa ya saratani ya matiti na ya ovari. Kazi ile ilisaidiwa na fedha za umma, na ilisimama juu ya mabega ya watu wengine, hasa Mary-Claire King, ambaye mwaka wa 1990 alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba jeni hiyo iko katika kromosomu ya 17. Lakini hataza haigawi heshima; humtazama aliyefika mwisho wa njia na karatasi mkononi. Hataza zilipopatikana, kampuni ilipeleka barua kwa maabara nyingine, za vyuo vikuu zikiwamo, kuzitaka ziache kuwapima wagonjwa. Mtoto wa chuo kikuu akawanyamazisha ndugu za mzazi wake. Bei ya kipimo ilipanda kupita dola 3,000, na mwanamke aliyeambiwa kwamba yafaa akatwe matiti hakuwa na maabara ya pili ya kwenda kuuliza kama jibu ni sahihi. Tarehe 13 Juni 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba jeni ya asili haiwi mali ya mtu kwa sababu tu ameitenga na mwili. Siku ile ile maabara nyingine zilitangaza kwamba zitapima, na kwa bei ndogo. Msomaji na apime mwenyewe kama kampuni ilikuwa imeuleta uvumbuzi kwa watu, au ilikuwa imesimama mlangoni.

Hayo yalikuwa ya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Yaliyofuata yaliigusa Afrika.

Mwaka wa 1966 mtaalamu wa kemia Jerome Horwitz, akifanya kazi Detroit, alitengeneza kitu kilichokuja kuitwa stavudini. Alikuwa akitafuta dawa ya saratani. Hakuipata, na kitu chake hakukichukulia hataza. Baada ya UKIMWI kuingia duniani, William Prusoff na Tai-Shun Lin wa Chuo Kikuu cha Yale waliona kwamba stavudini huzuia virusi vya ugonjwa huo. Yale ikachukua hataza ya matumizi hayo, Afrika ya Kusini ikiwa mojawapo ya nchi zilizoandikwa, na ikaipa kampuni ya Bristol-Myers Squibb leseni ya pekee. Dawa iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka wa 1994, na ikawa ndiyo iliyoiletea Yale sehemu kubwa ya mrabaha wake wote.

Mwezi wa Februari 2001 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, likiwatibu wagonjwa wa Afrika ya Kusini ambako mtu wa kawaida hakuweza hata kuiota bei ya dawa hiyo, liliiandikia Yale kuuliza kama ingechukia dawa ya namna ile ile iliyotengenezwa India ikiingizwa nchini humo. Jibu la chuo lilikuwa la adabu na lilikuwa la kweli. Leseni ni ya pekee. Aulizwe mwenye leseni. Jibu hilo linastahili kukaririwa na kila mjumbe wa baraza la chuo kikuu, kwa maana limeeleza hali yote kwa maneno machache. Mwenye nyumba aliulizwa na mgeni kama aweza kunywa maji kisimani pake, akajibu kwamba ufunguo wa kisima ameukodisha.

Lililouvunja mlango si huruma ya chuo. Wanafunzi wa Yale walipiga kelele, na Prusoff mwenyewe, mzee aliyekuwa akifaidi mrabaha ule, akatamka hadharani kwamba anataka dawa yake iwafikie wagonjwa wa Afrika. Kabla ya mwezi wa Machi kwisha kampuni ilitangaza kwamba haitaitumia hataza kuizuia dawa Afrika ya Kusini, na kwamba katika Afrika itauza stavudini kwa senti 15 za dola kwa siku. Kampuni haikufilisika. Hapa wapo wasemao kwamba dawa hiyo ilikuwa na sumu, na mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe kidogo kidogo. Ni kweli. Lakini Tanzania ilipoanza kugawa dawa za UKIMWI kwa mpango wa taifa mwaka wa 2004, stavudini ilikuwa katika mchanganyiko wa kwanza waliopewa wagonjwa, na Kenya vivyo hivyo. Wapo watu wanaotembea leo Mbeya na Kisumu, wanaolima na kuoza watoto wao, ambao wasingefika kwenye dawa zilizo bora bila kupita juu ya daraja lile bovu.

Ingedhaniwa kwamba baada ya mafunzo hayo vyuo vilijifunza. Vilijifunza nusu. Mwaka wa 2007 vyuo kadhaa vya Marekani, Stanford na Yale miongoni mwao, vilitoa waraka wa kukubali kwamba leseni zifikirie watu wa nchi maskini. Waraka ule haukumfunga mtu.

Mtihani ulikuja mwaka wa 2020. Katika Chuo Kikuu cha Oxford, Sarah Gilbert na Adrian Hill walikuwa wameanzisha kampuni ya Vaccitech mwaka wa 2016, izaliwe kutokana na chanjo zao. Ugonjwa wa korona ulipoenea, chuo kilitangaza kwanza kwamba ubunifu wake utatolewa kwa leseni isiyo ya pekee na isiyo na mrabaha kwa muda wa janga. Tangazo hilo halijakauka wino, mwisho wa Aprili kikaingia mapatano na AstraZeneca, na leseni ikawa ya pekee. Haki itendeke: kampuni iliahidi kutopata faida wakati wa janga, na chanjo ile iliuzwa kwa bei ndogo kuliko nyingine za Magharibi. Lakini ahadi hiyo ilikuwa na tundu, na waliotumbukia walikuwa Waafrika. Watu wa Afrika ya Kusini walijitolea kujaribiwa chanjo hiyo tangu Juni 2020. Januari 2021 serikali yao ilitakiwa kulipa dola 5.25 kwa dozi, ilhali Umoja wa Ulaya ulilipa kiasi cha dola 2.16. Sababu iliyotolewa ni kwamba nchi tajiri zilichangia gharama za utafiti. Damu iliyotolewa mkononi mwa mtu wa Johannesburg haikuhesabiwa kuwa mchango. Watafiti waliochunguza baadaye chimbuko la fedha zilizoijenga sayansi ya chanjo hiyo waliona kuwa zaidi ya asilimia 95 ya fedha zilizotambulikana zilitoka kwa serikali na mashirika ya hisani. Vaccitech, kwa upande wake, iliingia soko la hisa la Nasdaq Aprili 2021.

Mwambao wa Kenya nao ulikuwamo. Oktoba 2020 majaribio ya chanjo hiyo hiyo yalianza Kilifi. Machi 2021 shehena ya kwanza ya dozi zaidi ya milioni moja, zilizotengenezwa India, ilishuka Nairobi. Kisha India, ikilemewa na maradhi yake yenyewe, ikazuia chanjo kutoka nje, na waliochanjwa mara ya kwanza wakangoja ya pili wasijue itakuja lini. Kenya ilikuwa na watafiti waliojua kuijaribu chanjo, na haikuwa na ruhusa wala kiwanda cha kuitengeneza. Atakayesema kwamba hata ruhusa ingekuwapo kiwanda hakikuwapo amesema kweli. Lakini nani atajenga kiwanda cha kutengeneza kitu kisichoruhusiwa?

Kwamba njia nyingine yawezekana, Oxford hiyo hiyo imeonyesha. Chanjo yake ya malaria iitwayo R21 ilijaribiwa kwa watoto wapatao 4,800 katika Burkina Faso, Mali, Kilifi ya Kenya na Bagamoyo ya Tanzania, na Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Leseni ilipewa kiwanda cha India chenye uwezo wa kutengeneza dozi milioni mia moja kwa mwaka, na bei iliyotangazwa ilikuwa kati ya dola 2 na 4. Hapana aliyelia kwamba bei ndogo imeua uvumbuzi. Upungufu umebaki mmoja: dozi za kumkinga mtoto wa Bagamoyo bado zilipangwa kutoka ng'ambo.

Sasa irejewe Afrika Mashariki, ambako duka ndiyo kwanza linajengwa na rafu zake hazijapigwa misumari. Vyuo vimejiandikia sera za mali ya ubunifu. Makerere imekwisha kuzaa: gari la umeme lililoundwa na wanafunzi na walimu wake na kuonyeshwa mwaka wa 2011 limekuwa Kiira Motors, kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za serikali ya Uganda na chache ni za chuo. Mtu aweza kuicheka kwa kukawia kwake. Lakini angalau fedha za umma zilipoingia, umma ulipewa hisa. Sera nyingine zinazoandikwa katika eneo hili zinafanana mno na zile za Marekani baada ya 1980, kana kwamba 2001 haikutokea. Zinaeleza kwa urefu mvumbuzi atapata asilimia ngapi na idara yake ngapi. Zinaeleza kwa ufupi, au hazielezi kabisa, mgonjwa na mkulima watapata nini.

Watetezi wa leseni ya pekee wana hoja moja yenye nguvu, nayo ijibiwe kwa heshima. Husema: hapana tajiri atakayetia mtaji wake katika dawa ambayo jirani yake aweza kuiiga kesho. Basi na apewe upekee huko aliko na soko la kumrudishia mtaji, katika nchi tajiri, kwa miaka atakayo. Yale iliweza kuandika hivyo tangu mwanzo, na isingekosa senti, kwa maana faida ya stavudini haikutoka Khayelitsha. Kwa chuo cha Afrika Mashariki jambo ni la haki zaidi, kwa kuwa fedha ni za mlipa kodi wa hapa, na mara nyingi mwili uliojaribiwa, mbegu iliyochunguzwa na mti uliochemshwa ni vya hapa. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mali hii ni leseni. Iandikwe humo kwamba katika Afrika leseni si ya pekee. Kwamba kampuni isiyouza kwa bei iliyokubaliwa, au iliyoukalia uvumbuzi bila kuutumia miaka mitatu, huurudisha. Kwamba mtafiti wa chuo chochote aweza kuutumia katika kazi yake bila kuomba. Na kwamba tasnifu ya mwanafunzi haitafungiwa kwa sababu kampuni ya msimamizi wake inangoja hataza. Sharti la mwisho laweza kuonekana dogo kwa mabwana wa fedha. Si dogo kwa kijana aliyemaliza kazi ya miaka mitatu, akaambiwa asiitaje mbele ya watu.

Atakayesema masharti haya yatawafukuza wenye mitaji huenda akasema kweli kwa baadhi yao. Waende. Chuo kisichoweza kumkosa mnunuzi hata mmoja hakiuzi. Kinaporwa kwa adabu.

Yako mambo mawili yafanyikayo chini ya paa moja ambayo yafaa yatazamwe pamoja. Kabla mtoto wa Kilifi au wa Bagamoyo hajachomwa sindano ya majaribio, sheria ya utafiti humtaka mtafiti aketi na mzazi, amsomee fomu ya ridhaa kwa lugha aijuayo, amwache aulize apendavyo, na ampe nafasi ya kukataa. Mkataba wa leseni wa dawa ile ile hausomewi mtu. Hutiwa sahihi na maofisa wawili au watatu, huwekwa muhuri wa siri ya biashara, na hata walimu wa chuo chenyewe hawauoni. Baraza la chuo kikuu chochote kitakachozaa kampuni katika nchi hizi laweza kuanza na jambo lisilo na gharama: mkataba uletwe barazani kabla ya sahihi, mbele ya wawakilishi wa walimu, wa wanafunzi na wa mahali utafiti ulipofanyika, ukasomwe wote kwa sauti, kwa Kiswahili.